Nusu ya Gazeti

Naishi Zimmerman. Kila jioni nikitoka tao, makanga hunirudisha nyumbani kwa kuniitia jela: "Kamiti hamsini! Kamiti, wawili wa haraka!" Hakuna anayeshtuka. Kwetu Kamiti ni jina la barabara, ni mahali matatu hugeukia. Mimi mwenyewe nimepanda hizo gari miaka sita bila kuwaza kwamba pale mbele, ukishapita Kahawa West, kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna watu.

Siku hizi nawaza, na sababu ni vitabu. Sikupanga. Mimi husoma kinachonijia mkononi: cha kuazima, cha soo mbili kutoka kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu kando ya barabara tao, cha kwenye simu. Lakini juzi nilipoangalia rafu yangu niligundua kwamba vitabu vitano nilivyomaliza miezi hii ya karibuni, na cha sita ninachosoma sasa, vyote vimeandikwa na watu waliowahi kufungwa na serikali iliyotawala nchi hii, ama ile ya mkoloni ama hii yetu. Viwili viliandikwa jela yenyewe, pale Kamiti, mwisho wa laini yangu ya matatu. Nimevisoma nikiwa kwenye kiti cha nyuma, muziki umepasua spika, tukielekea kulekule vilikotoka.

Kilichoanzisha yote ni msiba. Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki huko Marekani, Mei 28, 2025, wikendi hiyo nilikuwa nimeenda ushago, Nyandarua, kumwona Baba Mkubwa. Redio ilikuwa bado inamzungumzia Ngũgĩ. Baba Mkubwa ni kaka wa kwanza wa baba yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, na anaogopa kupasuliwa kuliko anavyoogopa giza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaizima redio, akaniambia, "Mwanangu, ingia chumbani. Chini ya kitanda kuna sanduku la bati. Livute."

Ndani kulikuwa na vitabu. Vilikuwa vimefungwa kwa magazeti na vikinuka dawa ya nondo. Nimekua nikiingia na kutoka katika nyumba ile na sikuwahi kujua kuna sanduku.

"Chukua," akasema. "Mimi herufi sizioni tena. Lakini usipotee navyo kama mtu amechukua mkopo. Ukimaliza kimoja, unakuja unaniambia kinasema nini."

"Kwani wewe hukuvisoma?"

"Nilivisoma. Nataka kujua kama vimebadilika."

Hapa lazima niseme kitu ambacho kwetu hakisemwi. Mwaka 1986 Baba Mkubwa alichukuliwa shuleni, mchana, mbele ya darasa la sita. Alirudi mwishoni mwa 1987. Nyumbani kipindi hicho kinaitwa "wakati Baba Mkubwa alikuwa safari". Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba alikuwa ameenda ng'ambo, na nilikuwa nashangaa kwa nini hakuleta hata picha moja. Nilikuwa chuo nilipoelewa, na hata hapo hakuna aliyeniambia. Nilipiga tu hesabu ya miaka.

Basi nikarudi Nairobi na sanduku la bati juu ya magoti.

Nilianza na Ngũgĩ kwa sababu ndiye aliyekuwa kwenye habari. Kitabu cha kwanza kilikuwa *Detained*, kumbukumbu zake za kizuizini zilizochapishwa mwaka 1981. Wengi wetu tunaijua hadithi hii kwa juujuu, kwa hivyo acha niiweke wazi. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walicheza tamthilia ya Kikuyu, *Ngaahika Ndeenda*, aliyoiandika Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ukumbi wao waliujenga wenyewe, hauna paa. Baada ya wiki chache serikali ikafuta leseni ya mchezo. Usiku wa kuamkia Desemba 31, Ngũgĩ akachukuliwa nyumbani kwake. Hakushtakiwa popote. Kule Kamiti alipewa nambari, K6,77, na akakaa hadi Desemba 12, 1978, miezi michache baada ya Jomo Kenyatta kufa.

Akiwa ndani aliandika riwaya, *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, ambayo baadaye ilitafsiriwa kwa Kiswahili kama *Shetani Msalabani*. Aliiandika kwenye tishu. Ndiyo, ile ya msalani. Ngũgĩ anaeleza kwamba karatasi ya jela ilikuwa ngumu na ya kukwaruza, kama vile nayo ni sehemu ya adhabu, lakini ugumu huohuo ndio ulioifanya ishike wino. Mswada ulikaribia kupotea: askari jela waliupata kwenye msako wakaubeba, na alikaa wiki tatu bila kujua kama atauona tena, ndipo ukarudishwa.

Nilipomsimulia Baba Mkubwa haya, hakusema kitu. Alitikisa kichwa tu pale kwenye wiki tatu.

Nilidhani Ngũgĩ ndiye mwanzo. Hivi ndivyo tunavyofundishana mtandaoni: mtu akitaja tishu na Kamiti, jina ni moja. Kumbe kuna aliyemtangulia kwa karibu miaka tisa, jela ileile, karatasi ileile, na yeye aliandika kwa Kiswahili.

Kitabu cha tatu katika sanduku kilikuwa chembamba: *Sauti ya Dhiki* cha Abdilatif Abdalla. Jina nilikuwa nalijua. Shuleni tulifundishwa kwamba shairi lina mizani, vina na vituo, na kwamba ukihesabu vizuri unapata alama zako. Sikumbuki mwalimu akituambia kwamba kuna diwani iliyotungwa na kijana aliyefungiwa peke yake.

Na alikuwa kijana kweli. Abdilatif alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Alikuwa karani wa mambo ya hesabu katika baraza la mji, na mfuasi wa KPU, chama cha Jaramogi Oginga Odinga. Mwaka 1968, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, makaratasi ya wagombea wa KPU yalikataliwa kote nchini. Novemba mwaka huohuo Abdilatif akaandika waraka akauita *Kenya: Twendapi?* Ukausambazwa kwa siri. Alikuwa na miaka 22. Umri huo mimi nilikuwa natafuta attachment na nikiogopa kumwuliza bosi siku ya mapumziko.

Swali tu, twendapi. Kwa swali hilo alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, na kifungo chake kikawa miaka mitatu, kuanzia Machi 1969 hadi Machi 1972. Kamiti alifungiwa peke yake. Mashairi aliyatunga humo, akayaandika kwenye karatasi ya chooni, na yakatoka nje kwa siri. Mwaka 1973 Oxford wakayachapisha.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 1974 *Sauti ya Dhiki* ilipewa tuzo ya fasihi. Jina la tuzo? Jomo Kenyatta. Mtu amefungwa kwa kuikosoa serikali ya Kenyatta, ameandika kitabu ndani ya jela ya Kenyatta, kwenye karatasi iliyonunuliwa na serikali ya Kenyatta, halafu anapewa zawadi ya Kenyatta. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa ameshaondoka nchini, yuko Dar es Salaam, kwenye taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili. Baadaye akaenda London, kisha Leipzig, Ujerumani, alikofundisha kwa miaka mingi. Tulimpa medali tukabaki bila mtu.

Kukisoma hakukuwa rahisi. Mimi ni wa Kiswahili cha bara, kile cha "nipee" na "venye". Abdilatif anaandika Kimvita. Shairi moja linaitwa "Siwati", na nilihitaji siku mbili kugundua kwamba *kuwata* ni kuacha. Siachi. Jingine ni "N'shishiyelo ni Lilo", yaani hili nililolishika ndilo hilohilo. Nilisoma ubeti mmoja kati ya Roysambu na stage yangu, nikashuka sijamaliza. Lakini baada ya kama wiki mbili jambo lilinitokea: nilikuwa naosha vyombo, nikajikuta natamka mstari bila kitabu. Sikuwa nimeukariri. Ulikuwa umeingia wenyewe, kwa sababu ya vile vina nilivyokuwa nikivihesabu shuleni kama shilingi.

Hapo nikaelewa mizani ni ya nini. Mtu aliye na karatasi ya kutosha anaweza kuandika anavyotaka. Mtu ambaye karatasi yake inaweza kuchukuliwa asubuhi anahitaji maneno yanayoshikana yenyewe, ambayo hata ukiyanyang'anya karatasi yanabaki kichwani. Shairi la kale la pwani, lenye kanuni zote zile ambazo sisi vijana wa Nairobi tunaziona kama pingu, lilikuwa ndicho chombo kilichofaa pale.

Kuna shairi refu, "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambapo wawili wanabishana juu ya mnazi, nani ana haki ya kuufaidi. Kwa nje ni ugomvi wa mnazi tu. Wasomaji wengi wameuona mnazi huo kuwa Kenya, na waliofika juu hawataki kushuka. Nilimsomea Baba Mkubwa lote, nikijikwaa kwenye kila neno la tatu. Yeye alizaliwa Nyandarua na kuiona bahari mara moja tu maishani, lakini alikuwa akinirekebisha matamshi. "Usikimbie hapo. Hapo anavuta pumzi." Nikamwuliza Kimvita alijifunzia wapi.

"Safari," akasema. "Kulikuwa na mzee wa Mombasa."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani kumsikia akilitumia neno hilo mwenyewe. Sikuthubutu kuongeza swali.

Kutoka hapo vitabu vikanirudisha nyuma zaidi. Kulikuwa na *Mau Mau Kizuizini*, tafsiri ya kitabu cha J. M. Kariuki kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1963. JM alizuiliwa na mkoloni kuanzia 1953 hadi 1960, akapitishwa katika kambi 14. Nilidhani kitakuwa kitabu cha kipigo mwanzo hadi mwisho. Kipigo kipo. Ila kilichonishangaza ni wingi wa kalamu. Watu wale walifundishana kusoma. Waliandika barua za malalamiko zikapenyezwa nje ya kambi, nyingine zikafika hadi kwa wabunge wa Uingereza. JM alipata mateso kwa ajili ya barua hizo na akaendelea kuziandika. Machi 3, 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kambini Hola, na wakubwa wakajaribu kusema kwamba ni maji waliyokunywa. Uongo ule haukusimama. Watu walikuwa wameanza kuuliza.

Na kulikuwa na Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi na mchapishaji wa Kikuyu aliyekamatwa Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa. Huko kizuizini aliandika kumbukumbu zake, akazificha, akazitunza miaka ishirini na zaidi hadi zilipochapishwa mwaka 1983. Mwaka uliofuata zikapata tuzo ya Noma, iliyokuwa tuzo kubwa ya vitabu barani. Mwaka 1986, akiwa mzee, alikamatwa tena. Mara hii aliyemkamata hakuwa Mwingereza.

Nina tabia ya kuandika tarehe nyuma ya daftari. Nilipomaliza Gakaara nikaangalia nilichokuwa nimeandika: 1952, 1966, 1969, 1977, 1986. Huo wa 1966 haukuwa mwaka wa kitabu. Ni mwaka ambao Bunge la Kenya huru liliipa serikali nguvu ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, nguvu ileile ambayo mkoloni alikuwa ameitumia kwa JM na Gakaara. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu bendera ipandishwe. Mzee Kenyatta mwenyewe alikuwa amefungwa na mkoloni, alijua ladha yake.

Hiki ndicho shuleni hawakunionyesha. Nilifundishwa historia ya Kenya kama ukurasa uliogeuzwa: huku mkoloni, kule uhuru, katikati Desemba 12, 1963. Ukisoma vitabu vya jela ukurasa haugeuki. Ukuta ni uleule. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957, na kaburi lake halijulikani hadi leo. Miaka 12 baadaye Abdilatif anaingia lango hilohilo. Miaka mingine minane, Ngũgĩ. Na JM? Mtu aliyenusurika kambi 14 za mkoloni hakuinusurika Kenya huru. Aliuawa Machi 1975, akiwa mbunge, mwili wake ukaokotwa Ngong.

Baba Mkubwa alikuwa Nyandarua, kwenye eneo la JM, habari ilipofika. Aliniambia watu walifunga maduka bila kuambizana. Halafu akanyamaza, akaomba chai.

Kitabu ninachosoma sasa sikukitoa kwenye sanduku. Nilikipata tao, kwenye rundo, jalada limechanika: *Jail Bugs* cha Wahome Mutahi. Wazazi wetu wanamkumbuka Wahome kwa "Whispers", ile safu iliyowafanya wacheke Jumapili kabla ya kanisa. Wasichokumbuka wengi ni kwamba mwaka 1986, ule msako wa Mwakenya ulipokuwa umeshika moto, naye alizolewa. Alifungwa miezi 15. Ulikuwa mwaka wa wahadhiri, wanafunzi, waandishi wa habari na walimu kupotea ghafla, na wengi wao wakatokea mahakamani siku nyingi baadaye, bila wakili, wakikiri makosa. Baadhi walikuwa wametoka vyumba vya chini vya Nyayo House, ambavyo umma ulionyeshwa mwaka 2003. Mimi nilichukua pasipoti yangu jengo hilohilo. Nilipiga foleni masaa manne nikilalamika juu ya joto.

Wahome alitoka akaandika riwaya mbili. Ya kwanza, *Three Days on the Cross*, ikapata tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1992. Ndiyo, tena. Ukitaka tuzo katika nchi hii, ni kama lazima upitie selo kwanza. *Jail Bugs* ndiyo ya pili, na niko katikati. Kinachonivutia ni kwamba hata humo ndani hajaacha macho ya mtu wa utani. Anaona chawa. Anaona nani anapewa uji mzito na nani mwepesi. Ngũgĩ anakupa hoja, Abdilatif anakupa msimamo, Wahome anakupa mwasho.

Nilipofika hapo nilijiona nimekamilisha kitu. Nilienda Nyandarua mwezi uliopita nikiwa na hotuba kabisa. Nikamwambia Baba Mkubwa kwamba nimegundua mnyororo: kutoka Gakaara hadi Wahome, serikali zimekuwa zikijaribu kuzima kalamu, na kila mara kalamu imeshinda. Hawakuweza kuwanyamazisha. Hata tishu waliigeuza kitabu.

Alinisikiliza kwa adabu, kama mwalimu anavyomsikiliza mtoto aliyekariri jibu la swali lingine.

"Hao uliowasoma," akasema, "ni wangapi?"

"Watano."

"Na sisi wengine?"

Sikuwa na jibu. Alinyoosha mkono akatafuta kikombe, nikamsogezea.

"Huyo Ngũgĩ alikuwa na karatasi," akaendelea. "Ngumu, lakini karatasi. Sisi tulikuwa tunapewa gazeti. Kuukuu, limekatwa vipande, kama hivi." Akapima kiganja. "Kazi yake unaijua. Lakini hakuna mtu alilitumia kabla ya kulisoma. Linazunguka kwanza. Mnasoma mpaka mnajua kila tangazo la matairi. Huyo mzee wa Mombasa alikuwa hajui kusoma maandishi ya Kizungu, kwa hivyo mimi nilikuwa namsomea, na yeye akinilipa kwa mashairi. Ndivyo tulivyokaa."

"Wewe hukuandika?"

"Niandike na nini? Na nikiandika, nimpe nani? Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la sita, mwanangu. Hakuna mtu London alikuwa anangoja barua yangu."

Nimeyafikiria maneno hayo tangu siku hiyo. Vitabu ninavyovijua vimetufikia kwa sababu mwandishi alikuwa na jina, au alikuwa na askari mmoja wa kumwamini, au alikuwa na mchapishaji aliyejua kwamba yupo. Hilo halipunguzi ushujaa wao hata kidogo. Lakini nilikuwa nimehesabu vitabu nikadhani nimehesabu watu. Wakati wa hali ya hatari maelfu kwa maelfu walipita kambini, na wengine wengi, hasa wanawake na watoto, walihamishwa kwa nguvu kwenye vijiji vilivyozungushiwa uzio na mitaro. Waliotuachia kitabu tunaweza kuwahesabu kwa vidole. Muthoni Likimani ilimbidi aandike *Passbook Number F.47927*, mwaka 1985, ndipo wanawake wa miaka ile wapate nafasi kwenye rafu. Na wa 1986? Wachache walioandika wamebeba mzigo wa wote, na waliobaki wakawa "safari".

Ngũgĩ mwenyewe amesimulia kwamba *Caitaani Mũtharaba-inĩ* ilipotoka, watu waliisoma kwa sauti. Mmoja anayejua kusoma anawasomea nyumba nzima. Kwenye baa msomaji ananunuliwa bia ili asisimame. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliiona kama kichekesho kizuri. Sasa naona kwamba ndivyo Baba Mkubwa na mzee wa Mombasa walivyokuwa wakifanya kwa vipande vya gazeti, na ndivyo ninavyofanya mimi Jumamosi nikiwa na diwani mkononi na yeye amefumba macho yasiyoona. Kitabu cha jela kinapotoka ukutani hakimalizi safari yake dukani. Kinatafuta mtu mwenye macho na mtu mwenye kumbukumbu, na kikiwapata pamoja, wa pili huanza kuzungumza.

Kwa sababu alianza, jamani. Ilikuwa karibu saa mbili usiku, stima zimepotea, na mimi nasoma kwa mwanga wa simu. Nilimwuliza ni kipande gani cha gazeti anachokikumbuka. Nilidhani atataja siasa.

"Mpira," akasema. "Gor na AFC. Nilipata nusu. Ripoti inaanza vizuri, uwanja umejaa, AFC wanafunga, Gor wanarudisha, halafu karatasi inaisha. Imekatwa hapo. Tuliutafuta ule upande mwingine wiki nzima. Tuliuliza mpaka selo za mbali. Mtu alikuwa ameshautumia." Akacheka mpaka akakohoa. "Mzee wa Mombasa alikuwa AFC sugu. Akasema AFC walishinda. Mimi nikasema Gor. Tulibishana kama ule mnazi wako. Alitoka kabla yangu, na sijawahi kujua yuko wapi. Wala sijawahi kujua nani alishinda."

Karibu miaka arobaini. Nilimwuliza kwa nini hakutafuta alipotoka. Akasema alipotoka hakutaka mtu amwone akiuliza kitu chochote.

Pale Banda Street kuna maktaba ya McMillan, ile yenye simba wa mawe mlangoni. Wanatunza magazeti ya zamani yaliyojalidiwa. Nimepita nje yake mara elfu. Wiki ijayo nimeomba siku moja ya likizo, na bosi, nashukuru, hakuuliza ya nini. Sina tarehe. Nina mwaka 1987, timu mbili, bao la kwanza la AFC, la kusawazisha la Gor, na ukubwa wa kiganja cha mkono. Nitafungua kurasa za michezo moja moja.

Nilimwambia Baba Mkubwa kwamba nikiipata nitampigia simu papo hapo.

"Usipige," akasema. "Iandike yote, toka mwanzo mpaka mwisho. Halafu uje unisomee."